Dorcus Kwenye Shamba la Pamoja

Nimechoka na watu wa kuniuliza kama Dorcus alipata ile kazi. Alipata. Hata leo asubuhi amepita hapa mbele ya duka langu akiwa na ovaroli ya kampuni, akanisalimia vizuri, akaenda zake. Zamani akipita lazima angeketi kwa ile benchi, anipe habari za magoti yake na za mtoto wake mpaka wateja wakasirike. Siku hizi haketi. Ukitaka kujua kwa nini, keti wewe, lakini usinikatize, maana nikikatizwa huwa sirudi pale nilipokuwa.

Mimi naitwa Seth, fundi wa kompyuta hapa Mogogosiek. Natengeneza pia redio, chaja, na kila takataka ambayo mwenyewe ameshindwa kuitupa. Dorcus na mimi tumezaliwa kambi moja ya majani chai, nyumba zetu zimeegemeana migongo, ukikohoa huku mtu wa kule anakuambia pole. Babangu alikuwa kiwandani kwa boila, babake alikuwa wa kunyunyiza dawa. Wote walitoka upande wa ziwa wakiwa vijana na wakasema watafanya kazi kidogo halafu warudi. Hakuna aliyerudi isipokuwa kwa jeneza. Mtu akimuuliza Dorcus kwao ni wapi, atasema ni huko ziwani, kwa sababu ndivyo babake alivyosema, lakini huko amelala siku za matanga tu. Kwao ni kile chumba cha kampuni na jiko lake la nje. Na chumba hicho kimefungwa na kazi. Kazi ikiisha, unarudisha ufunguo.

Aliacha shule darasa la saba mgongo wa mamake ulipokataa, akachukua kikapu cha mamake akaingia shambani. Akaolewa na kijana wa kupakia lori za majani. Siku moja kijana akaenda Narok na lori; lori likarudi, yeye hakurudi. Dorcus alilia wiki hiyo, akamaliza, akalea mtoto wao Calvince mpaka akawa fundi wa mjengo Nairobi, na anampigia mamake simu kila Jumapili. Nje ya benchi langu ni mwanamke wa maneno machache na kichwa ngumu. Vidole vyake vimeshika weusi wa utomvu wa majani, hauondoki hata kwa sabuni ya jiwe. Na chai hanywi kabisa. Ukimpa anakuuliza ameyashika kutwa nzima, sasa ayanywe tena ya nini. Mpe uji.

Kuna kitu kimoja lazima ukielewe juu ya wachunaji wa kambi yetu, la sivyo hutaelewa lolote. Ukimaliza mstari wako, huendi kupima. Unazunguka chini, unaingia kwa mstari wa mwenzako kutoka upande wa pili, unachuna ukipanda na yeye anachuna akishuka, mpaka mkutane uso kwa uso. Majani unayochuna unatia kwa kikapu chake, si chako. Halafu ndio mnaenda mizani pamoja. Hakuna aliyefundishwa jambo hili, kama vile hakuna anayefundishwa kusema asante. Wakipsigis walio nje ya ua wa kampuni nao hufanya hivyo kwa mashamba yao, leo kwako kesho kwangu, wanaita kibagenge. Ndiyo maana Cheptoo, jirani yake Dorcus aliyetoka Kiptere akaja kuandikwa hapa, hakuuliza swali siku ya kwanza. Aliingia tu kwa mstari wa Dorcus akaanza kuchuna. Tangu hapo walikuwa watu wa kukutana katikati, miaka na miaka.

Halafu mashine zikaja. Sitaki kubishana na mtu juu ya mashine, nimebishana vya kutosha. Ni kitu kama trekta ndefu chenye minyororo badala ya magurudumu, kinapita juu ya michai kikiinyoa kichwa, na dereva mmoja anafanya kazi ya kundi zima la akina mama. Kampuni ikasema haitaki kuonekana ina roho mbaya, kwa hiyo wachunaji wachache watafundishwa kuendesha. Atakayefaulu mtihani atabaki na kazi, na nyumba. Wengine watapewa haki zao na kushukuriwa.

Dorcus alikuja kuketi kwa benchi siku hiyo akaniambia wazi, "Seth, mimi sitaki mashine. Mimi nataka nyumba."

Mafunzo yakawekwa kwenye chuo cha ufundi hapa karibu, na mimi nikaitwa kuangalia vyombo. Hawakuweza kuwapa akina mama mashine yenyewe waigonganishe na miti, kwa hiyo walileta simuleta: kompyuta yenye skrini pana, kiti, na vishikio viwili vya kuendeshea, na humo ndani ya skrini kuna shamba la chai, mashine, na barabara ya vumbi. Mkuu wa chuo, Kiplimo, ni mtu wa kusema hakuna shida. Mwambie nyumba inaungua, atakwambia hakuna shida. Akaniambia kazi yangu itakuwa ndogo.

Mwanzoni ilikuwa ndogo kweli. Simuleta zile zilikuwa za mtu mmoja mmoja. Kila kompyuta ilikuwa na shamba lake, mvua yake na jua lake. Ukichoka, unabonyeza kitufe na dunia yote inasimama, hata wingu. Ukitumbukia kwenye mtaro, unabonyeza kitufe kingine na mashine inarudishwa ulipoanzia, kana kwamba hukukosea. Dorcus siku ya kwanza alishika vile vishikio kama mtu aliyeshikishwa kuku wa wenyewe. Alitumbukia, akabonyeza, akatumbukia tena. Kufika mwisho wa mwezi alikuwa anapita juu ya michai taratibu, amenyooka, majani mazuri tupu, bila vijiti. Hakuwa na haraka na hakuacha kitu nyuma. Cheptoo yeye alikuwa wa haraka, anaimba, anatumbukia, anacheka, anabonyeza kitufe. Kila mmoja akalizoea shamba lake humo ndani, akalisema kama lake kweli. Ungewasikia saa ya chakula wakijisifia mashamba ambayo hayapo.

Basi akaja Valary. Huyu ni afisa wa mafunzo wa kampuni, bado msichana, mtu wa watu, simsemi vibaya. Akasema makao makuu wana seva, yaani kompyuta kubwa iliyo mjini yenye shamba moja kubwa ndani yake, na sasa simuleta za vyuo vyote ziunganishwe humo. Wote wachune shamba moja, kama itakavyokuwa kazini, na wakubwa watazame wakiwa wameketi ofisini. Na mtihani utafanyiwa humo. Kiplimo akasema hakuna shida, akaniangalia mimi.

Hakuna shida, ati. Programu zetu zilikuwa za zamani kuliko za seva, seva ikazikataa. Nikaanza kuzisasisha moja baada ya nyingine kwa mtandao wa hapa, na mtandao wa hapa unaujua: wingu likitokea upande wa msitu, wenyewe unatoroka kabla mvua haijafika. Unangoja mvua ya mawe iishe kupiga mabati, unaanza upya. Kompyuta moja iliamini tuko mwaka mwingine kabisa kwa sababu kabetri kake ka ndani kalikuwa kamekufa, na seva haikutaka maneno na mtu wa mwaka mwingine. Nilishinda nusu siku nikitafuta ugonjwa huo. Nikaingiza anwani ya seva, nikaingiza nenosiri, nikakataliwa, nikapiga simu mjini, nikaambiwa nenosiri limebadilishwa, samahani. Mgongo wangu ulikuwa unaniuma na sikuwa na wa kumlaumu aliye karibu, nikalaumu panya.

Mwishowe zikaingia. Lakini yale mashamba ya akina mama, yale waliyoyatunza kila mmoja peke yake, hayakuhama nao. Seva ina shamba lake, haitaki la mtu. Cheptoo aliniuliza mara tatu lake limeenda wapi. Nikamwambia limebaki kwa kompyuta, ila sasa hakuna mlango wa kuliingilia. Akaguna akasema kumbe hata huku tunafukuzwa.

Lakini ile saa ya kwanza ndani ya shamba la pamoja sitaisahau, na nakwambia hivi nikiwa mtu asiyependa kusifu kazi yake. Dorcus alikuwa ameketi kwa kiti chake, skrini imefunguka, michai imeenea mpaka kilimani. Pembeni yake, pale ambapo siku zote palikuwa patupu, ikatokea mashine nyingine. Akarudi nyuma kwa kiti. Akaniuliza huyo ni nani. Nikamwambia ni Cheptoo, si huyo ameketi pale ukutani. Dorcus akamwangalia Cheptoo kwa macho, akaiangalia ile mashine kwa skrini, akamwangalia Cheptoo tena. Kisha akabonyeza honi. Cheptoo akajibu kwa honi. Zikatokea zingine, na zingine, na kila iliyotokea ikapiga honi kusalimia, na chumba kizima kikawa honi na vicheko mpaka Kiplimo akaja mbio akidhani kuna harusi barabarani.

Furaha hiyo ilikaa siku chache, kisha wakaanza kugundua. Shamba la pamoja halisimami. Cheptoo alibonyeza kusimamisha, akaenda nje kujisaidia, akarudi akakuta mvua inanyesha na wenzake wamefika ng'ambo. Alinijia juu mimi, kana kwamba mvua ni yangu. Na kile kitufe cha kurudi mwanzo ukitumbukia hakikufanya kazi tena. Nikawaeleza: ukiwa peke yako unaweza kurudisha dunia nyuma, inakuhusu wewe tu. Mkiwa wengi, nikurudishie wewe saa, na mwenzako aliyekwisha kuchuna nimfanyeje? Ukitumbukia kwenye mtaro humo, kuna njia moja tu ya kutoka, mashine nyingine ije ikufunge kamba ya chuma ikuvute.

Akina mama hawakuona ugumu wowote. Cheptoo alikuwa akitumbukia, anapiga honi mbili, Dorcus anageuza mashine, anakuja, anamvuta, anarudi kwake. Hawakusemezana hata neno. Ilikuwa inapendeza kuiangalia, sikatai.

Siku ya mtihani wa kwanza kila mama alipewa kipande chake cha shamba chenye namba. Dorcus alimaliza wa kwanza. Amenyoosha, safi, hata mimi nisiyejua chai niliona ni kazi. Na pale pale, bila kufikiri, akageuza mashine, akazunguka kwa barabara ya chini, akaingia kipande cha Cheptoo kutoka upande wa pili, akaanza kuchuna akipanda. Mwingine aliyemaliza akaona, naye akaingia kwa jirani yake. Baada ya muda mfupi hakuna mashine iliyokuwa kwake. Zilikuwa zinakutana mbili mbili katikati ya shamba, zinapigiana honi.

Simu ya Valary ikaanza kulia. Huko mjini waliokuwa wakitazama walidhani seva imeharibika. Maana seva imepangwa hivi: majani yanaandikwa kwa mwenye kipande, na anayetoka kwa kipande chake anahesabiwa ameacha kazi. Kwa hiyo waliokuwa wazito walipata alama za juu, na waliokuwa hodari wakaandikwa watoro. Dorcus alikuwa wa mwisho kabisa. Valary akaja akasimama mbele yake, akamuuliza kwa nini ameacha kipande chake. Dorcus akamwangalia, nadhani alikuwa anatafuta swali liko wapi.

"Nilikuwa nimemaliza," akasema.

Valary alifuta mtihani ule. Hiyo nampa. Angeweza kuuacha ulivyo. Akawakusanya akina mama akawaeleza polepole kwamba mashine nzito ikivuka kwa kipande cha mwingine inashindilia udongo, majani yanachanganyika, na kiwanda hakitajua ubaya umetoka kwa nani. Kila mtu apimwe kwa kazi yake. Mtihani utarudiwa wiki ijayo, na atakayevuka mpaka, kwa sababu yoyote ile, ametoka. Cheptoo akauliza, na mtu akitumbukia? Valary akasema usitumbukie.

Nilimfuata mpaka kwa gari. Nikamwambia basi kitufe cha kurudi mwanzo kirudishwe, au waruhusiwe kuvutana tu, hata kama hawachuni. Akapiga simu mjini mbele yangu, nikasikia mwenyewe. Wakasema shamba la kweli halina kitufe, na dereva akikwama anaita makanika. Nikamwambia basi muweke makanika humo ndani ya seva. Akacheka kidogo, akaona mimi sicheki, akasema, "Mzee Seth, hata mimi naambiwa tu." Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri. Nikamwacha aende.

Dorcus wiki hiyo hakuja kwa benchi ila mara moja. Hakusema habari ya magoti. Aliniuliza kama seva inaweza kujua mtu akitazama nje ya kipande chake. Nikamwambia kutazama hakuandikwi. Akasema sawa.

Mtihani wa pili ulianza vizuri. Kila mmoja kwake, chumba kimya, hakuna honi. Halafu waliokuwa mjini wakaleta mvua. Hiyo wanaweza, wanabonyeza tu huko waliko na mvua inanyesha kwa shamba lote. Dorcus akapunguza mwendo kama kawaida yake. Cheptoo naye alipunguza, nataka hilo lijulikane. Hakuwa anaimba, hakuwa anacheza. Alikuwa amechuna zaidi ya nusu, majani safi kabisa, na pale kwenye kona ya juu mnyororo wa upande mmoja ukateleza, mashine ikainama, ikaingia mtaroni.

Akajaribu kutoka. Akajaribu tena. Kisha nikasikia honi mbili.

Kila mtu kwenye chumba kile alizisikia, na hakuna aliyegeuza kichwa. Dorcus alikuwa kwa mstari wake wa mwisho, na kipande chake kilipakana na kile cha Cheptoo, kwa hiyo ile mashine iliyolala ilikuwa palepale mbele ya macho yake, imejaa kwenye skrini. Alichuna mstari wake mpaka mwisho. Akageuza, akasimama kwa mpaka. Alikuwa amemaliza, na muda ulikuwa umebaki mwingi. Kamba ya chuma ilikuwa inatosha kufika, ila kamba nayo ikivuka mpaka inaandikwa.

Honi mbili tena.

Dorcus akaondoa mikono kwa vishikio akaiweka mapajani, akaishikanisha. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kwa swichi kubwa ya umeme. Ningeweza kuizima nikasema ni stima imepotea, na hapa nani angeshangaa? Lakini wote wangepoteza kazi ya asubuhi nzima, na yeye Dorcus, ambaye nyumba yake ilikuwa imeshapatikana pale kwa skrini, angepoteza wa kwanza. Nikamwangalia Valary. Alikuwa anaangalia simu yake, na simu yenyewe ilikuwa imezima. Cheptoo alipiga honi mara nyingine chache, kisha akaacha. Tukangoja hivyo mpaka muda ukaisha. Sijawahi kungoja kitu kirefu kama kile, na mimi nimengoja mambo mengi mahospitalini.

Majibu yalitoka kwa skrini kubwa papo hapo. Dorcus alikuwa juu. Cheptoo aliandikwa hakumaliza. Watu wakapiga makofi ya kiungwana. Kiplimo akampa Dorcus mkono, akamwambia sasa umeona, hakuna shida.

Nilimkuta nje, amekaa kwa ngazi, amefunga leso yake upya ingawa haikuwa imefunguka. Nikamwambia hongera. Nilimaanisha, kwa sababu nilijua chumba kile cha kampuni ni kila kitu alichonacho chini ya jua. Akasema, bila hasira yoyote, na hasira ningeipenda zaidi:

"Nikiwa peke yangu kwa hiyo kompyuta nilikuwa sawa, Seth. Ningepita huo mtihani wenu nikiwa peke yangu. Lakini mkaniletea watu. Mkaniletea Cheptoo mpaka nikamwona, halafu mkaniambia nikae tu."

Nilitaka kumwambia mimi ni wa waya tu, si wa sheria. Lakini hata ningemwambia, maneno hayo angeyafanyia nini? Mikono iliyomleta Cheptoo kwa skrini yake ni hii. Tangu siku hiyo ananisalimia vizuri, na haketi.

Cheptoo alipewa mpaka mwisho wa mwezi. Kwa kaka yake huko Kiptere shamba lilishagawanywa kwa wavulana, lakini kaka alikubali kumpa chumba kilichokuwa cha kuwekea mahindi. Siku ya kuhama nilienda na mkokoteni kumsaidia, na Dorcus akaja pia, ametoka kazini na ovaroli mpya, viatu vina tope la kweli. Alisimama mlangoni kidogo kabla ya kuingia, na mlango ule alikuwa akiuingia miaka yote bila kubisha.

Walifunga vyombo pamoja. Hawakugombana, usidhani. Waliongea habari ya kuku, nani achukue, na habari ya mama mmoja wa kambi aliyejifungua mapacha. Vikombe vikafungwa kwa magazeti, godoro likakunjwa. Nilikuwa nafunga kamba kwa mkokoteni, mlango uko wazi, niliwaona wote wawili. Ikabaki kitanda. Dorcus akaenda upande wa miguu akainama kushika.

Cheptoo hakushika upande wake. Aliuliza akiwa anaangalia ukuta pale kalenda ilipokuwa imetundikwa.

"Siku ile. Uliniona?"

Dorcus angeweza kudanganya. Mvua ilikuwa nyingi humo ndani ya skrini. Angesema alikuwa anaangalia mstari wake, na mimi ningeapa pamoja naye.

"Nilikuona," akasema.

Cheptoo akatikisa kichwa kukubali, polepole.

"Mimi nilikuwa nimejiambia hukuniona," akasema. "Wacha hicho. Nitabeba mwenyewe."

Dorcus akakiachilia. Kitanda kile ni cha mbao ngumu, cha watu wawili kukibeba, na mlango wa nyumba za kampuni ni mwembamba. Cheptoo alikiinua upande mmoja, akakiburuta akirudi nyuma, kikakwama kwa kizingiti, akakivuta, kikakwama tena. Mimi nilipiga hatua, akaniangalia, nikasimama. Alikivuta peke yake mpaka nje, na Dorcus alibaki pale katikati ya chumba kitupu, mikono imening'inia.